Matuta Mawili Tuliyoyazikia Mgomba

Ninyi mnaosoma karatasi hii kila Ijumaa mkiwa kwenye foleni ya posho, sahani mkononi, leo sina la kuchekesha. Mama wa bustani alizikwa Jumamosi. Wengi wenu mliona alivyoanguka, kwa hiyo siwaambii jipya, lakini kwa wale ambao siku ile hamkuja shule, ilikuwa hivi: saa nne na nusu asubuhi, jua limeshakuwa kali, alikuwa anatoka kwenye pampu na jerikeni kichwani. Akafika usawa wa dirisha letu la kidato cha tatu, akasimama kama mtu aliyesahau kitu, akakaa chini, halafu akalala. Hakupiga kelele. Jerikeni ndiyo iliyopiga kelele. Maji yalimwagika yote njiani, na kabla mwalimu wa zamu hajamfikia, mchanga ulikuwa umeshayanywa, ikabaki alama nyeusi ambayo nayo ilipotea kabla hawajamwinua. Kwenye zahanati walisema ni presha. Jioni mkuu wa shule alitukusanya, akasema tumempoteza mfanyakazi mwaminifu, tukaomba, kisha akatukumbusha kwamba ni marufuku kukata njia kupitia bustanini.

Kilichonifanya niandike si hicho. Ni maneno ninayoyasikia tangu Jumamosi, hapa kwenye foleni, kwenye pampu, hata nje ya kanisa: kwamba alijichimbia. Kwamba yale mashimo mawili aliyoyachimba mwanzoni mwa muhula yalikuwa yanangoja watu wawili, na sasa yamewapata. Nimeyasikia kwa watu wazima, wanayasema kwa sauti ya chini huku wakitikisa kichwa, kama vile ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Mimi ninajua mashimo yale yalikuwa ya nini. Ninajua mpaka kina chake. Nilikuwa na daftari.

Hakuwa ndugu yangu, wala sidhani alilijua jina langu la pili. Kwanza alikuwa mpishi msaidizi, kisha moshi ulipomshinda kifua akapewa bustani. Alivuka mpaka kila asubuhi kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya, na kwa kuwa aliishi kule na kufanya kazi huku, aliwatania watu wa pande zote mbili kwa haki. Wavulana wa kidato cha nne aliwaita mawaziri, kwa sababu hawashiki jembe. Mimi aliniita mukhana, msichana kwa Kisamia, akiwa haniiti kitu kingine chochote. Mnanijua nilivyo. Nikiandika naweza, nikisimama mdomo unakauka. Mwaka jana nilipewa risala niisome mbele ya wazazi, nikatapika nyuma ya ukumbi, ikasomwa na mwingine. Yeye ndiye aliyeniletea maji ya kusukutua. Hakuniuliza kitu. Alisema tu kwamba hata yeye kanisani huimba akiangalia viatu vyake.

Sasa habari ya matuta. Mwalimu wa kilimo alitaka matuta ya juu: udongo umeinuliwa mpaka magotini, umezungushiwa matofali, umenyooka kama vitanda vya bweni siku ya ukaguzi. Yalikuwa manne, na yalipendeza, sibishi. Ndiyo picha iliyo kwenye kitabu chetu, na wageni wakija hupigwa picha mbele yake. Lakini upande huu wa barabara ya Lumino udongo wetu ni mchanga, na muhula wa kwanza hufunguliwa kiangazi bado kiko. Ukimwagilia tuta la juu asubuhi, kufika saa sita jua na upepo vimelila kwa juu na kwa pembeni, na maji yaliyobaki yameshuka chini kabisa ambako mizizi ya sukuma wiki haifiki. Mama wa bustani aliliona hilo wiki ya kwanza. Akamwambia mwalimu kwamba yeye kwao hulima kwa kushuka: unachimba kina cha mkono mpaka kiwiko, unarudisha udongo uliochanganywa na samadi, lakini huujazi, unauacha uso wa tuta chini ya ardhi kiasi cha kiganja. Maji yakiingia humo hayana pa kukimbilia. Mwalimu akamuuliza hayo ameyasoma wapi.

"Kwa ng'ombe, mwalimu."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba kiangazi, malishoni kwao, majani ya kwanza kuwa kijani ni yale yanayoota ndani ya nyayo za ng'ombe, umande unapokusanyika, na kwamba hajawahi kuona majani yakianza kuota juu ya kichuguu. Mwalimu si mtu mbaya, na nisingependa mmwone vibaya kwa haya ninayoandika. Alifikiri kidogo, akasema basi tujaribu. Yachimbwe matuta mawili ya chini, yapandwe sukuma ile ile, yamwagiwe maji kipimo kile kile na matuta ya juu, kisha yaachwe siku nne bila kuguswa, na mtu mmoja wa klabu ya kilimo apime na kuandika kila asubuhi. Akanichagua mimi kwa kuwa ninanyamaza na mwandiko wangu unasomeka. Tuta la kwanza la chini lilitoka refu. La pili lilikutana na mizizi ya mpera ikabidi liishie katikati, likawa fupi. Nawaombeni mlikumbuke hilo fupi.

Kupima kwenyewe ilikuwa kazi ya kidole. Alinifundisha kukichomeka kidole cha shahada mchangani chote, kuhesabu kumi, na kukitoa. Punje zikishika ngozi pale pana unyevu, zikidondoka ni pakavu, na unaandika unyevu umeanzia kiungo cha ngapi, ukihesabu kutoka juu. Tulikuwa tukifanya hivyo kabla ya kengele ya kwanza, yeye amechuchumaa upande mmoja na mimi upande wa pili, naye akiongea kwa niaba ya wawili. Alinitania kwamba nitaongea kwa kidole mpaka lini, na kwamba siku nitakayoolewa mchungaji atauliza kama nimekubali nami nitakichomeka kidole kwenye udongo wa madhabahu. Matokeo yake yalikuwa wazi mpaka yakanitia aibu kwa ajili ya kitabu. Siku ya pili tuta la juu lilikuwa kavu kiungo kizima na nusu. Siku ya tatu kidole chote kilitoka safi kama nilichokiosha. Tuta la chini siku ya nne, bila tone la kuongeza, unyevu ulianzia kiungo cha pili. Tukarudia mara ya pili ili mwalimu asiseme ni bahati. Na wala yeye hakuringa. Mwenyewe alisema kwamba mvua kubwa zikianza matuta ya chini yatatuama maji na sukuma itaoza miguu, na hapo ndipo utayaongezea udongo, uyainue kidogo kidogo. Hakuwa ameokoka kwa matuta. Alitaka tu mboga zishindwe na viwavi, zisishindwe na kiu.

Siku ya tisa kwenye daftari langu imeandikwa "sikupima." Na ya kumi, na ya kumi na moja. Mdogo wangu wa kiume, wa miaka minne, alishikwa na malaria Jumapili, akafa Jumanne. Wengi wenu mlikuja, na ninawashukuru. Siku niliporudi shule mama yangu alinisindikiza, kwa sababu tangu msiba hakutaka nitembee peke yangu, na tulipopita kando ya bustani akaliona lile tuta fupi. Lilikuwa urefu wa mdogo wangu. Sisemi kwa kukisia. Mama yangu alikuwa amemlaza yule mtoto mkekani kwa mikono yake wiki hiyo hiyo, na mikono yake ilikuwa bado inamkumbuka.

Mkutano wa wazazi uliitwa Alhamisi. Mama yumo kwenye kamati, kwa hiyo alipewa nafasi ya kwanza, na hakusema mengi. Alisema shule imechimba makaburi mawili katika kiangazi, moja la mtu mzima na moja la mtoto.

"La mtoto limeshapata wake," alisema. "Hilo lingine linamngoja nani?"

Mwalimu wa kilimo alijaribu. Alisema yalikuwa majaribio, na kwamba yupo mwanafunzi aliyekuwa akiandika vipimo kila siku, asimame atusomee. Daftari lilikuwa ndani ya sweta yangu, nimelibana kwa kiwiko. Nilisimama. Nikamwangalia mama, uso wake ulivyokuwa umevimba, na nikajiuliza ninawezaje kumwambia mtu huyu kwamba siku ya nne unyevu ulianzia kiungo cha pili. Nikatikisa kichwa. Mama wa bustani alikuwa amesimama karibu na mlango, hakupewa kiti. Alikuwa ananitazama, halafu akaondoa macho yake kwangu taratibu, akaangalia viatu vyake, akaniachia nafasi ya kukaa. Nikakaa. Mdomo ulikuwa umekauka, ndiyo, lakini sitaki kuwadanganya kwamba ni hilo tu. Niliogopa kumpenda mama yangu vibaya mbele ya watu.

Mnajua kwetu kaburi likishachimbwa kisha wenye msiba wakaamua kuzika kwingine, shimo halifukiwi hivi hivi. Linalazwa shina la mgomba mahali pa mtu, linafunikwa, watu wanaondoka bila kugeuka. Ndivyo ilivyoamuliwa. Sukuma iling'olewa ikiwa mbichi, majani mapana, hata mbuzi hakupewa. Yakaletwa mashina mawili ya mgomba, yamekatwa asubuhi ile, mazito, yanadondosha maji njia nzima, moja refu kwenye tuta refu na kipande kwenye fupi. Aliyeambiwa ayafukie ni yeye mwenyewe. Alifukia mpaka udongo ukapanda juu, akausawazisha kwa mgongo wa jembe, akaenda kunawa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga pale. Mpira ukiangukia pale mlikuwa mnatumia fito kuuvuta, msinibishie.

Mvua nazo zikachelewa. Wageni wa wilaya walikuwa wanatarajiwa, na mama wa bustani aliambiwa wakute kijani. Basi akabaki na matuta manne ya juu na pampu iliyo mbali kiasi mnachokijua. Dirisha langu linaangalia njia ile, nami nilikuwa nimeshazoea kuandika, kwa hiyo niliandika: jerikeni nane kabla ya mapumziko, nane baada ya chakula, siku za upepo kumi na kumi. Alikuwa akipumzika kwenye mpera, mkono kifuani, kisha anaendelea. Mara mbili alinikuta nikimtazama, akainua kidole cha shahada, akakichomeka hewani kwa utani. Sisemi maji ndiyo yaliyomuua. Presha alikuwa nayo kabla, na mimi si daktari. Ninasema kwamba kwa matuta ya chini jerikeni zile zisingefika nusu, kwamba hilo lipo kwenye daftari, na kwamba daftari lilikuwa kwenye begi langu chini ya dawati siku zote alizokuwa akipita.

Nimekaa nikifikiri kuhusu macho yetu. Ukisimama getini ukatazama bustani ya shule, kinachofanana na kaburi kuliko kitu kingine chochote ni yale matuta manne ya juu: udongo umeinuliwa, urefu wa mtu, matofali pembeni. Hakuna aliyeyaogopa, kwa sababu yapo kitabuni na wageni huyasifu. Bustani tunaipima kwa wanaoitazama wakiwa wamesimama. Aliyeinama kuimwagilia haulizwi umbo lake liweje. Nasikia hata huko Nagongera na Busitema watu wanainua matuta siku hizi kwa sababu wameona kwa wenzao, na pengine kwao, kwenye udongo mzito na mvua ya kutosha, ni sawa. Sijui. Ninaujua mchanga wa hapa tu, na huo nao niliujua kupitia mtu ambaye sikumtetea.

Tulivuka kwenda kumzika, basi la shule likajaa, na mama yangu alikuja. Kwao ni pakavu kama kwetu. Nyuma ya nyumba niliyaona matuta yake mwenyewe, yamezama, mistari mitatu, na sukuma ndani yake imefika kiunoni. Waombolezaji walikuwa wakiyapita bila kuyatazama. Walipomaliza kumfukia, wakauinua udongo, wakaupigapiga, binti yake akachomeka maua juu na kumwagia kikombe cha maji, na maji yakateremka pembeni yote. Niliyaangalia yakienda. Halafu mwanamke mmoja wa kijiji chetu akaushika mkono wa mama yangu, akamwambia, "Wewe uliona mbele, dada." Alisema kwa heshima kabisa. Mama akautoa mkono wake polepole, akauficha ndani ya leso.

Jumatatu, kabla ya kengele, nilikwenda pale panapoogopwa. Sukuma ya matuta ya juu ilikuwa imeshalala, siku nne tu tangu afe. Nikachuchumaa kwenye lile tuta fupi, nikakichomeka kidole. Kiungo cha kwanza kavu. Cha pili kikaingia kwenye ubaridi, na nilipokitoa kilikuwa cheusi, punje zimeshika mpaka ukucha. Yale mashina ya mgomba yalikuwa yanaoza huko chini na kuyaachia maji yake kidogo kidogo, katika mwezi mzima usio na mvua, hatua tatu kutoka pale alipokuwa akimwaga jerikeni. Juu yake ilikuwa imejiotea dodo, ule mchicha wetu, hakuna aliyeipanda, laini, ya kijani ambayo sikuwa nimeiona popote tangu Januari. Tulikuwa tumezika sifongo tukaiogopa. Mama wa bustani naye hakuigusa, kwa kuwa tulimkataza.

Nikaichuma yote. Jioni nikaipika na karanga, nikamwekea mama. Akanusa, akauliza dodo hii ya wapi, maana sokoni Busia hakuna hata shina. Nilimwambia ni ya shule, pale tulipozikia mgomba. Aliweka kijiko chini. Nikaenda kulichukua daftari, nikalifungua mbele yake, nikasimama nikingoja kama mtu anayengoja fimbo. Mama husoma polepole, kwa kidole. Alisoma siku ya kwanza mpaka ya nane, na alipofika penye "sikupima" kidole kikasimama hapo muda mrefu sana.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulikuwa unalia, mama."

Akauliza kama pale pana maji mpaka leo, hata sasa. Nikaitikia kwa kichwa.

"Sema kwa mdomo."

"Pana."

Akaivuta sufuria karibu, akala. Alikula bila kuniangalia, machozi yanaingia kwenye mboga, na hakuacha mpaka akamaliza.

Ameisoma karatasi hii kabla sijaibandika. Amefuta sentensi moja, zilizobaki ameziacha, hata yale aliyoyasema mkutanoni. Kwa hiyo someni, na mkirudi makwenu msimulie hivi. Siku ya nne, tuta la juu: kidole chote kavu. Siku ya nne, tuta la chini: unyevu kiungo cha pili. Hayakuwa makaburi, na hakujichimbia. Mimi nilichojifunza ni kidogo na kimekuja kimechelewa. Nilidhani kunyamaza kwangu ni mzigo wangu peke yangu, kwamba mwenye haya hamuumizi mtu. Kumbe kulikuwa na mtu aliyekuwa akinibebea kichwani, jerikeni baada ya jerikeni, mbele ya dirisha langu, nami nikihesabu.